King'amuzi cha Picha Ndani ya Kompyuta: Namna ya Kukiweka na Kukiondoa kwa Usalama

Yafuatayo ni mazungumzo ya mtaalamu wa TEHAMA mbele ya wakazi wa Kata ya Dakawa, Wilaya ya Mvomero. Tumeyachapa kwa kuwa wengi waliohudhuria waliomba wayasome kwa utulivu nyumbani.



  Najua kwamba kila aliyeketi hapa ameacha jaruba, duka au mifugo yake ili aje kusikiliza. Sitawachosha kwa mambo makubwa. Nimekuja kuzungumzia jambo moja dogo, ambalo nimeona kwa macho yangu likigeuka kuwa msiba wa kikundi kizima: video inapokataa kufunguka katika kompyuta ya nyumbani, na mtu akahangaika kutafuta dawa yake.

Nianze na kisa. Mama mmoja, mkazi wa kata yetu, ameniruhusu nikieleze bila kulitaja jina lake. Mama huyu ni katibu wa kikundi cha kuweka na kukopa, na hesabu za kikundi alikuwa akiziandika katika kompyuta mpakato aliyonunua kwa akiba yake. Mwaka huo mdogo wake alioa. Baba yao, aliyekuwa mgonjwa, alisimama akatoa nasaha kwa maharusi, na ndugu mmoja akarekodi kwa simu. Miezi miwili baadaye mzee akafariki. Baada ya arobaini, yule mama akaletewa video katika flashi. Alipoifungua, sauti ya baba yake ilisikika vizuri kabisa, lakini kioo kilikuwa cheusi.

Ndugu zangu, jiwekeni katika nafasi yake. Unamsikia marehemu akisema, uso wake huuoni. Mwanawe, kijana mwenye nia njema, akaingia katika intaneti. Tovuti ya kwanza aliyoikuta ilimwambia: kompyuta yako imekosa kodeki, bonyeza hapa upate bure. Akabonyeza. Programu ile ikamwambia azime kwanza kizuia virusi. Akazima. Ikaomba ruhusa ya kubadilisha mambo ndani ya kompyuta. Akakubali. Picha haikuonekana.

Asubuhi yake, mafaili yote ya kikundi yalikuwa yamebadilika majina na hayafunguki. Palikuwa na barua inayodai fedha ili yafunguliwe. Flashi ilikuwa imeachwa pale pale, kwa hiyo na video nayo ikafungwa. Wanachama walikuwa wameacha kuandika katika daftari la karatasi tangu Januari, na sasa ilikuwa Mei. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Hesabu za miezi minne zilibidi zitengenezwe upya kwa kumbukumbu za watu na ujumbe wa miamala uliobaki katika simu. Kazi hiyo ilichukua wiki tatu, na hadi leo wapo wanachama wawili wasiokubaliana juu ya deni moja. Video nitairudia mwishoni.

Kodeki ni nini?

Wengi wetu tunakumbuka tarehe 31 Desemba 2012, mitambo ya televisheni ya analojia ilipozimwa Dar es Salaam, na baadaye ikazimwa mikoani. Televisheni iliyokuwa nzima jana ikawa haionyeshi kitu. Haikuwa imeharibika. Matangazo yalikuwa yameanza kuja kwa lugha mpya, na televisheni ilihitaji mkalimani. Mkalimani huyo tukamwita king'amuzi.

Kodeki ni king'amuzi kilicho ndani ya kompyuta. Si kifaa cha kushikwa mkononi, ni programu ndogo. Jina lake limeundwa kutokana na kazi zake mbili: kusimba, yaani kuibana picha au sauti ili ichukue nafasi ndogo, na kusimbua, yaani kuifungua tena ili itazamike.

Kwa nini picha ibanwe? Tufanye hesabu. Picha moja ya video ya kawaida ya leo ina nukta 1,920 kwa upana na 1,080 kwa urefu. Kila nukta ikihitaji baiti 3 za rangi, picha moja ni baiti 6,220,800, yaani zaidi ya megabaiti 6. Video hupitisha picha 25 kwa sekunde, hivyo sekunde moja ni kama megabaiti 155. Flashi ya gigabaiti 16 isingemaliza hata dakika mbili. Arusi ya saa nzima ingehitaji gigabaiti zipatazo 560.

Kodeki hupunguza mzigo huo kwa werevu. Tazama jaruba lililojaa maji asubuhi. Maji yametulia, mpunga umetulia, anayetembea ni yangeyange mmoja tu. Kodeki huihifadhi picha nzima mara moja, kisha katika picha zinazofuata huandika yale yaliyobadilika tu: yangeyange amesogea hapa, sasa yuko pale. Kwa njia hiyo saa nzima ya video hutosha katika gigabaiti mbili au tatu.

Lugha za kubana ni nyingi, na hubadilika. Diski za DVD za arusi zetu za zamani hutumia lugha iitwayo MPEG-2. Mwaka 2003 ikatoka H.264, ambayo hadi leo husomwa na karibu kila kifaa. Mwaka 2013 ikatoka H.265, ijulikanayo pia kama HEVC, inayoweza kupunguza ukubwa wa faili hadi karibu nusu kwa ubora ule ule. Mwaka 2018 ikaja AV1. Simu za iPhone zilianza kurekodi kwa HEVC mwaka 2017, na simu nyingi za kampuni nyingine zina uwezo huo. Lakini HEVC ina hataza, na wenye hataza hudai ada. Kwa sababu hiyo kompyuta nyingi za Windows huuzwa bila kisimbuzi chake. Hapo ndipo alipokwama yule mama. Sauti ilikuwa imebanwa kwa lugha ambayo kompyuta yake iliijua, na picha kwa lugha ambayo haikuijua.

Gunia na kilichomo

Kabla ya kutafuta dawa, tuujue ugonjwa. Watu wengi hutazama herufi za mwisho za jina la faili, kama MP4, MKV au AVI, wakadhani hiyo ndiyo kodeki. Sivyo. Hayo ni majina ya magunia. Gunia halikuambii kama ndani mna SARO 5 au mbegu ya kienyeji. Mafaili mawili ya MP4 yanaweza kubeba lugha mbili tofauti, moja likafunguka na jingine likakataa. Na kubadilisha jina la faili kutoka MKV kuwa MP4 ni kama kuandika jina jipya juu ya gunia: nafaka iliyomo haibadiliki.

Basi jiulizeni hivi. Kama sauti ipo na picha haipo, kuna uwezekano mkubwa kwamba kisimbuzi cha picha kimekosekana. Kama picha ipo na sauti haipo, aghalabu kilichokosekana ni kisimbuzi cha sauti, ila hakikisheni kwanza kwamba sauti haikuzimwa. Kama faili halifunguki kabisa katika kifaa chochote, huenda lilikatika wakati wa kunakiliwa, umeme ulipozimika au flashi ilipochomolewa mapema. Linganisheni ukubwa wake na ule wa faili la asili. Faili lililokatika haliponi kwa kodeki yoyote. Na kama video inaonekana lakini inakwama kwama, huenda kompyuta ni ya zamani na nguvu yake haitoshi, wala hakuna kinachokosekana.

Namna ya kuweka

Njia ya kwanza, ambayo kwa wengi wetu inatosha, ni kutoweka kodeki yoyote katika Windows. Wekeni kichezeshi kinachokuja na visimbuzi vyake ndani. Kinachojulikana zaidi ni VLC, chenye alama ya koni ya barabarani yenye rangi ya chungwa. Kazi yake ilianzia kwa wanafunzi wa chuo cha École Centrale Paris nchini Ufaransa mwaka 1996, na tangu 2001 hutolewa kwa leseni huria. Ni bure, hakidai akaunti, wala hakina matangazo. Husoma HEVC, AV1, MPEG-2 na nyinginezo nyingi. Kwa kuwa visimbuzi vyake hukaa ndani yake, havigombani na programu nyingine, na siku mkikiondoa huondoka navyo. Kipakueni katika tovuti ya wenyewe, videolan.org, si kwingineko. Andikeni anwani hiyo wenyewe juu ya kivinjari. Msifuate tangazo lililotangulia katika matokeo ya utafutaji.

Hili linawahusu pia wenye diski za zamani. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012, Windows haiji tena na uwezo wa kuchezesha DVD. Msidhani diski ya kipaimara au ya arusi imekufa kwa sababu kompyuta mpya imeikataa. Ijaribuni kwa VLC kwanza.

Njia ya pili ni kwa mtu anayetaka programu za Windows zenyewe zisome lugha mpya, kwa mfano anayehariri video za sherehe. Huyo aingie katika duka la Microsoft lililomo ndani ya kompyuta. Kiendelezi cha HEVC huuzwa huko kwa karibu dola moja ya Marekani, na cha AV1 ni bure.

Njia ya tatu ni furushi la kodeki, yaani visimbuzi vingi vilivyofungwa pamoja. Yapo mafurushi ya kweli, na K-Lite ni mojawapo lililojulikana kwa miaka mingi. Lakini yanahitaji mtu anayejua anachokitafuta, kwa sababu hujiandikisha ndani ya Windows, na baadhi ya programu za video huanza kuyategemea. Mkiweka mafurushi mawili ni kama kufungulia maji ya mifereji miwili katika jaruba moja: kila moja litataka kushika njia. Basi wekeni moja tu, na kabla ya kuliweka tengenezeni alama ya kurejea. Andikeni maneno «restore point» katika sehemu ya kutafutia ya Windows, washeni ulinzi wa diski kuu kama umezimwa, kisha tengenezeni alama. Mambo yakiharibika, mtairudisha Windows ilivyokuwa siku ile, na barua na picha zenu hazitaguswa.

Namna ya kuitambua mbegu bandia

Sisi wa Dakawa hatuhitaji kufundishwa hasara ya mbegu bandia. Tunaishi jirani na kituo cha utafiti wa mpunga, na herufi za TXD katika TXD 306, tunayoiita SARO 5, zinabeba jina la mahali petu. Tunajua kwamba pakiti ya mbegu hukaguliwa lebo ya TOSCI kabla ya kulipiwa, na kwamba muuzaji asiye na duka wala anwani hatapatikana siku mbegu itakapokataa kuota. Kanuni ni ile ile.

Ya kwanza: tovuti ya video inayokuzuia kutazama mpaka upakue kodeki yake ni ya kukimbiwa. Vivinjari vya leo vina visimbuzi vyake. Ya pili: programu inayokuomba uzime kizuia virusi inakuomba umfunge mbwa ili mgeni aingie. Ya tatu: Windows inapouliza kama unairuhusu programu ibadilishe kompyuta, soma jina la mtoaji. Ikisema mtoaji hajulikani, kataa.

Hila hii si ngeni, wala haikuanzia kwetu. Kirusi kilichoitwa Zlob kilienea tangu mwaka 2005 kikijifanya kodeki ya video. Kingine, DNSChanger, kiliingia kwa mlango huo huo na kuwapeleka watu katika tovuti wasizozitaka. Mnamo Novemba 2011 polisi wa Estonia na shirika la upelelezi la Marekani walipowakamata wahusika wake, zaidi ya kompyuta milioni 4 katika nchi zaidi ya 100 zilikuwa zimeambukizwa. Kijana wetu wa Dakawa, basi, hakuwa mjinga kuliko watu wengine duniani. Alikosa tu mtu wa kumwonya.

Namna ya kuondoa

Kama mmekwisha kuweka furushi msilolihitaji, au tangu mliweke video zinagoma na programu zinajifunga zenyewe, liondoeni kwa utaratibu.

Kwanza, fungeni vichezeshi vyote. Pili, ingieni katika «Settings», kisha «Apps», mtafute orodha ya programu zilizowekwa. Ipangeni kwa tarehe, ili muone pia zile zilizoingia siku hiyo hiyo bila kualikwa. Tatu, chagueni furushi hilo na mbonyeze «Uninstall». Msifute folda yake kwa mkono. Furushi limejiandikisha katika daftari la ndani la Windows. Mkifuta folda, jina hubaki limeandikwa, na kila programu itakayolifuata itamkuta hayupo na kuanguka. Nne, kama yalikuwa mafurushi mawili au zaidi, ondoeni lililowekwa mwisho kwanza, moja baada ya jingine. Tano, zimeni kompyuta na kuiwasha upya. Sita, rudini katika «Settings» mchague upya kichezeshi kitakachofungua video, kwa sababu furushi huenda lilibadilisha chaguo lenu. Ikiwa bado kuna kasoro, tumieni ile alama ya kurejea.

Lakini kama mnashuku kwamba kilichowekwa ni kirusi, kwanza ikateni kompyuta na intaneti na mchomoe flashi zote. Chunguzeni kwa Microsoft Defender, kizuia virusi kilichomo ndani ya Windows, kwa uchunguzi ule wa nje ya mtandao unaofanyika kompyuta inapowaka upya. Kisha badilisheni nywila za barua pepe na huduma za fedha kwa kutumia kifaa kingine, si kompyuta hiyo. Ikiwa mafaili yamefungwa na mnadaiwa fedha, msilipe kwa haraka; kulipa hakumpi mtu hakika ya kufunguliwa. Msifute mafaili yaliyofungwa. Upo mradi uitwao No More Ransom, ulioanzishwa mwaka 2016 na polisi wa Uholanzi, Europol na kampuni za usalama wa kompyuta, unaotoa bure funguo za baadhi ya virusi hivyo. Toeni pia taarifa polisi, kwa kuwa kitendo hicho ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015.

Neno la mwisho

Ndugu wananchi, yote niliyosema juu ya kodeki yanaweza kusahauliwa, na mtu akayasoma tena katika jarida. Moja ninaomba lisisahauliwe. Kompyuta yenye hesabu za watu isiwe ndiyo ya kujaribia programu. Na kama nyumbani ipo moja tu, nakala ya hesabu iwekwe kila wiki katika flashi ambayo ikimaliza kazi huchomolewa na kufungiwa kabatini, na daftari la karatasi liendelee kuandikwa. Flashi inayokaa katika kompyuta siku zote hupotea pamoja na kompyuta.

Niliahidi kurudi kwenye ile video. Ndugu aliyeirekodi alikuwa hajaifuta katika simu yake, ingawa alikuwa amekwisha kufuta nyingine nyingi apate nafasi. Tuliinakili upya katika kompyuta iliyosafishwa, tukaweka VLC, tukaifungua. Kazi yote haikuzidi robo saa, na gharama yake ilikuwa bando la kupakulia tu. Mzee akaonekana amesimama, mkono mmoja juu ya bega la bwana arusi. Mama yule aliitazama mara moja, kisha akaniomba nimwonyeshe namna ya kutengeneza nakala ya pili. Ya tatu ameipeleka kwa dada yake Kilosa.

Mwenye faili lililokataa kufunguka asione haya kuuliza kabla ya kubonyeza.